Kaka, Ondoa Jembe Chemchemini

Makongolosi, Chunya
Jumapili, mchana

Kwa kaka yangu Filipo, kwa mdomo wa Mwalimu Agustino,

Shikamoo. Ipokee hiyo, kaka, ni haki ya umri wako, na mama alinifundisha nisimnyime mkubwa salamu yake hata kama amenikosea. Lakini usizoee. Humu ndani hakuna shikamoo nyingine.

Hujambo? Wake zako wawili hawajambo? Watoto je, na ng'ombe? Mimi mwili sijambo. Kikohozi cha vumbi la shimoni kinakuja na kuondoka, na mkono ule niliobanwa na jiwe umepona isipokuwa kidole kimoja hakikunjiki. Kwa upande wa afya ni hayo tu. Kwa upande wa roho sina afya yoyote, na aliyeniambukiza ni wewe.

Utashangaa kwa nini safari hii barua haikupitia mikononi mwako. Nimempa dereva wa lori, yule Mswahili wa Iringa mjini anayeleta chumvi na nguo huku, nikamwapisha aifikishe kwa Mwalimu mwenyewe, asimpe mtu mwingine hata akijiita ndugu yangu wa tumbo moja. Na Mwalimu nimemwomba aisome Jumapili baada ya sala, nje, watu wakiwa bado hawajatawanyika. Kwa hiyo ikiwa unaisikia sasa, umekaa mbele za watu. Kaa tu, kaka. Usisimame kujifanya unakwenda kuangalia ng'ombe. Na wewe Mwalimu, nakuomba usinipunguzie maneno. Nakujua, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na unapenda kulainisha mambo. Leo soma yalivyo.

Juma lililopita alifika huku Danieli, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, amekuja kutafuta kazi. Kaka, huku mtu wa nyumbani akifika ni sikukuu. Sisi watu wa Iringa tunalala kambi moja, tunapika chungu kimoja, na mtu akishuka kwenye lori akitusalimu kwa "kamwene" ya kwetu tunamvamia kama watoto tukimuuliza habari, hata za mbwa. Nilipomwona Danieli ameshuka, vumbi hadi kwenye kope, nilikimbia. Nikamshika mkono. Nikampeleka kivulini, nikachota maji katika mtungi wangu mwenyewe. Na maji ya huku unayajua? Huyajui. Mito ya huku wachimba dhahabu wameipindua matumbo juu. Mchanga umegeuzwa mara ngapi sijui, na kilichobaki ni mashimo na tope la rangi ya matofali. Maji ya kunywa tunayafuata mbali kwa madebe, na mtu akikupa bakuli moja amekupa jasho lake.

Nilimpa Danieli bakuli kwa mikono miwili. Akaliangalia. Akalirudisha.

"Maji yako sinywi, Yosefu," akasema. "Nyumbani unatunyima, huku unatugawia?"

Kaka, nilidhani ananitania. Watu wetu wana utani mkali na mimi nikacheka. Nikacheka peke yangu. Danieli alikuwa ametoka Iringa mpaka Mbeya, Mbeya mpaka Chunya, Chunya mpaka hapa, siku nne juu ya magunia, midomo imepasuka, na hakunywa. Akasimama akaenda kuomba maji kwa Wasafwa wa kambi ya pili. Wenzangu wote walikuwa wanatazama. Mmoja akaniuliza, "Umemfanyia nini mtu huyu?" Nikamjibu sijui. Na kweli nilikuwa sijui, Filipo. Nilikuwa mtu pekee duniani asiyejua habari za shamba lake mwenyewe.

Nilimfuata. Tulikaribia kupigana. Nilimshika shati nikamwambia aseme mbele za watu nimemkosea nini, kama nimekosa nitamlipa. Ndipo akasema yote, akitaja watu na siku, nikajua hasemi uongo.

Sasa nami nitayasema, ili kama kuna lisilo kweli mtu asimame akanushe hapo hapo.

Danieli alisema kwamba kiangazi cha mwaka juzi kijito chetu kilikauka mpaka chini. Si kupungua, kukauka. Wanawake wakawa wanakwenda Ruaha kwa ndoo, wanaondoka asubuhi wanarudi jua limepanda. Mama yetu na mguu wake uliovimba naye akaenda, mpaka akaanguka njiani. Akasema kwamba baada ya mvua za mwaka huu watu walikaa wenyewe, bila jumbe kuwaita, bila Bwana Shamba na kofia yake, wakaulizana: nani ameua kijito? Na kila mmoja akajitazama miguu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kinyungu bondeni. Kila kiangazi tunapasua majani ya bonde, tunainua matuta, tunafungua mifereji ili unyevu ushuke, tunapanda mahindi na maharage wakati milimani kumekauka. Baba zetu walifanya hivyo chini huko kwenye bonde pana. Sisi tukazidi kupanda juu na majembe, mpaka tukafika kwenye jicho lenyewe la maji tukalitia jembe.

Wakaapa. Kutoka chemchemini mpaka kwenye jiwe kubwa, pasilimwe tena. Ng'ombe wasikanyage, wakanywe chini kwenye hori la gogo. Mlimani juu ya chemchemi watu wachimbe matuta ya kukinga mvua ili maji yazame badala ya kukimbia na udongo. Na miche ya mivengi, ile mizambarau ya porini inayopenda kukaa na miguu majini, ikatolewe bonde la pili, ije ipandwe. Kazi yote iwe mgowe: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye zamu anapika pombe na wote wanakuja na majembe. Danieli alinisimulia jinsi Bibi Kostansia, mjane, ambaye hana kitu kingine chini ya jua ila kinyungu kile kimoja, alivyosimama akasema, "Changu nacho kiko karibu na maji, basi anzieni changu." Na watu wakaanzia chake. Wakamlimia shamba jipya mlimani siku hiyo hiyo, wakamtilia samadi ya ng'ombe wao, kabla hata hawajanywa.

Na wewe kaka ulikuwepo. Danieli anasema ulikaa nyuma, ukanywa pombe ya Bibi Kostansia vizuri sana, hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulipofika mwezi wa kulima vinyungu, bonde zima likawa limelala, majani yanaota, ila kipande kimoja tu kikawa cheusi kimelimwa. Kipande kile kilicho juu ya vyote, kwenye jicho la maji lenyewe. Changu.

Walipokuita kukuuliza, ulisema nini, Filipo? Mwalimu, ngoja kidogo hapo, mpe nafasi ajibu.

Kama hajajibu, nitajibu mimi. Ulisema, "Shamba si langu, ni la mdogo wangu. Mimi mtunzaji tu. Nikiliacha, akirudi nitamwambia nini?" Maneno mazuri, ya mtu mwaminifu! Na walipokuambia basi mwandikie umuulize, ukatia mkono katika mfuko wa koti ukatoa barua. Ukaipunga. Ukasema, "Ameshaandika. Amesema: lima, mtu asikiguse kinyungu changu, hayo mambo ya kuacha mabonde ni mambo ya Wazungu."

Mwalimu hakuwepo. Mwalimu alikuwa Tosamaganga hospitali anamuuguza mtoto wake, na hapo kijijini hakuna mwingine anayejua kusoma. Wewe mwenyewe, kaka, hujui A. Uliishika barua yangu mbele za watu, labda hata umeishika juu chini, ukawasomea uongo wako.

Loo! Danieli alipofika hapo nilimwachia shati. Nikamwambia, "Danieli, ile barua naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu naandika kwa shida na kila neno linaniuma kidole. Katika barua ile hamna shamba. Hamna kinyungu. Niliuliza mguu wa mama." Hakuniamini. Akasema kila mwizi ana hadithi yake. Nikamwambia nitaandika nyingine, isomwe na Mwalimu, mbele yenu. Akasema, "Andika, tutaona." Mpaka leo anakula kwa Wasafwa.

Kwa hiyo kaka, kama koti lako ni lile lile, na najua ni lile lile, tia mkono mfukoni. Itoe. Mpe Mwalimu aisome sasa hivi kabla hajaendelea na hii. Kama umeichoma, sema umeichoma. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapo ulipokaa.

Mama, kamwene. Samahani nimekuchelewesha mpaka katikati ya barua. Ile barua ilikuwa yako. Nilikuuliza mguu unaendeleaje, kama uvimbe umeshuka, kama ile dawa ya mizizi inasaidia au nikutafutie ya dukani kwa Mhindi huku. Niliuliza kama unapata usingizi. Miezi yote hii umekaa ukidhani mwanao amekusahau, kumbe maneno yangu yalikuwa yanatembea bondeni katika koti la Filipo yakifanya kazi ya shetani. Nimelia, mama, siwezi kuficha. Nimelia mbele ya nyapara, akaniuliza nani amekufa.

Nakurudia wewe, kaka. Nilidhani kosa lako limeishia kwenye uongo. Danieli akaniambia la mwisho akiwa ameinama, hata yeye aliona haya kulisema. La mke wangu.

Nyumba yangu imeoza paa. Agnesi alikata nyasi peke yake, akazifunga, akazipanga uani. Akaotesha kimea, akasaga, akapika pombe ya komoni siku zote zinazotakiwa, pipa zima. Akapita nyumba kwa nyumba, kama ilivyo desturi, akapiga magoti mlangoni: "Kesho njooni mnisaidie kuezeka." Kila nyumba wakamwitikia vizuri. Kesho yake akafagia ua, akatandika mikeka, akaweka vibuyu. Akangoja. Jua likapanda, likasimama, likashuka. Hakuja mtu. Hata mmoja. Hata Bibi Kostansia hakuja. Pombe ikachachuka mpaka ikawa haina kazi, na siku ya tatu Danieli alimwona akiimwaga nyuma ya nyumba, kata kwa kata, hakuinua uso.

Kaka, unajua kwetu maana yake ni nini pombe yako ikikosa mnywaji. Mtu akifiwa watu huja. Mtu akigombana na jirani, siku ya mgowe ugomvi unawekwa nje ya ua, watu wanakuja. Kumwachia mtu pombe yake ni kumwambia: wewe hatuko nawe, ukifa tafuta wa kukuzika. Mke wangu, mtoto wa watu, nimemtoa kwao Kalenga kwa heshima, ameambiwa hivyo kwa sababu yako. Naye mahindi yale hajala hata punje. Danieli mwenyewe alikiri hilo. Kila mwaka unayapeleka wewe Iringa mjini kwa wachuuzi, yakiwa mabichi, wakati wa kiangazi watu wanapoyatamani. Unakula wewe, anatapika Agnesi. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo walivyosema wazee, na mimi nilikuvaa mwenyewe nikaona joto.

Na siku ile ya kuezeka, wewe shemeji mtu, ulikuwa wapi? Wengine walikuwa na hasira, wana haki yao. Wewe je? Nyumba zetu zinatazamana! Ngazi ni yako! Ulimwona amekaa kwenye mkeka peke yake na pombe yake ukapita na ng'ombe?

Danieli anasema Agnesi alimtuma neno moja kwangu. Hakusema "rudi". Hakusema "leta kitu". Alisema: "Mwambie mume wangu awaambie watu kwamba mimi si mwizi wa maji." Basi.

Nimekaa na neno hilo siku sita. Shimoni nilikuwa nalo, kwenye ugali nilikuwa nalo.

Kabla sijamaliza nawe, kaka, nina langu la kusema kwa watu wote, na hili nalisema kwa aibu. Jembe la kwanza pale chemchemini lilikuwa langu mimi. Wazee mnakumbuka, vijana labda hamjui. Pale palikuwa na mivengi mitatu mikubwa, kivuli chake baridi, wanawake walikuwa wanatua ndoo pale na kupumzika. Mimi niliikata. Nilikuwa nimeoa karibuni, nataka kinyungu changu mwenyewe, na bonde lote limeshagawanywa. Baba alikuwa hai. Aliniambia, "Yosefu, hapo usipaguse. Hapo ndipo mama yako anapochota." Nikamwona mzee wa zamani. Nikakata kwa siku mbili, nikachoma visiki, nikalima. Mwaka ule nilivuna mahindi mabua yake kama mikono ya mtu mzima, na wengine walipoona wakanifuata wakapanda juu. Baba hakunigombeza tena. Alikaa kimya mpaka akafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini lililovunjika si guu langu. Guu lililovunjika ni la mama.

Na nilipokuwa naondoka kuja huku, Filipo, nilikuambia, "Nitunzie kinyungu changu, mtu asikichukue." Ni kweli nilisema. Usije ukasema nimesahau. Lakini nilisema hivyo wakati kijito kinatiririka na kila mtu analima, na ukijua hivyo umetumia neno langu la zamani kama kisingizio cha tamaa yako ya sasa. Ungeniuliza! Bakuli moja la mahindi ungempa dereva, angeniletea swali, ningekujibu. Hukuuliza kwa sababu ulijua jibu.

Na hilo la mambo ya Wazungu, usinichekeshe. Bwana Shamba ninamkumbuka. Alikuja na karani na kitabu, akaandika majina ya watu wasiochimba matuta, akawapeleka kwa jumbe, watu wakafungwa. Mimi mwenyewe nilikimbilia porini siku mbili kwa ajili ya matuta yake. Yule aliamuru asichokilima. Je, Bibi Kostansia ni Mzungu? Danieli ni Mzungu? Mtu anayetoa kinyungu chake kwa hiari, akabeba mche kichwani kutoka bonde la pili, akaja akachimba shimo kwa mikono yake, amri ya nani hiyo? Umechukua hasira ya watu wote juu ya serikali ukaifanya blanketi ujifunike wewe na magunia yako. Ni aibu, kaka. Ni aibu kubwa kuliko ya wizi, maana mwizi hana la kusingizia.

Sasa sikilizeni wote, na Mwalimu asome polepole.

Mimi Yosefu, mwenye kinyungu kilicho kwenye jicho la maji, nakitoa. Sikitoi kwa Filipo, sikitoi kwa jumbe, nakirudisha kwa kijito. Asikilime kaka, asikilime mwanangu, asikilime mtu atakayekuja na barua yenye jina langu. Mifereji niliyochimba izibwe. Matuta yasawazishwe. Na pale palipokuwa na mivengi mitatu naomba mpande mivengi mingine, mingi kadiri mtakavyoona, na kama mkinikatalia msamaha, pandeni tu, msamaha mtanipa itakapotoa kivuli.

Naomba kazi hiyo iwe mgowe, na pombe apike Agnesi. Nawaomba mje. Siwezi kuwapigia magoti mlangoni, niko mbali, lakini hesabuni kwamba nimepiga. Mkinywa pombe ile nitajua mke wangu ana majirani. Mkishamaliza bondeni, kama jua litakuwa bado lipo, nyasi ziko uani na mvua ziko karibu.

Na mahindi yaliyomo, ambayo Danieli anasema yameshaanza kutoa ndevu, yasing'olewe, yasingojwe yakauke. Siku hiyo yatakuwa yamekomaa kiasi cha kuchoma. Yavunjwe yote, yachomwe pale pale kando ya chemchemi, kila aliyeleta jembe apate lake. Hayo ndiyo mavuno ya mwisho ya pale. Wachuuzi wa Iringa watafute kwingine.

Kaka Filipo, na wewe utapewa hindi, sitaki uonewe. Lakini utapewa kama wengine: uje na jembe, usimame katika mstari, na mtu wa kukugawia awe Agnesi. Kwanza atakutazama usoni. Akikupa, kula. Akikunyima, rudi nyumbani na njaa yako, na mimi nitakuwa nimekunyima pamoja naye. Usipoonekana siku hiyo kabisa, basi nitakaporudi usije kunipokea barabarani. Nitakusalimia kama ninavyowasalimia wapita njia, shikamoo ya umri, kisha nitaendelea na safari.

Umezidi, kaka. Nimekuogopa tangu utoto, ulikuwa unanibeba mgongoni kuvuka kijito kile kile, ndiyo maana inaniuma kiasi hiki. Mtu baki angenifanyia hivi ningekuwa nimeshamsahau.

Mama, mguu unaendeleaje? Nijibu safari hii, Mwalimu atakuandikia. Bibi Kostansia, kamwene, nimesikia ulichofanya na nimekiweka moyoni. Msalimie mjomba mhunzi, mwambie jembe alilonifulia bado ninalo huku ingawa halina shamba. Wasalimie shemeji zangu, wake za Filipo, wao sina neno nao, wanakula wanacholetewa. Baba mkwe wa Kalenga apewe pole, na aambiwe binti yake hakukosa lolote. Jumbe naye asalimiwe, ingawa sijui alikuwa wapi siku zote hizo. Na mke wa Danieli ajue mumewe amepata kazi, analala salama, na hajanisamehe bado.

Agnesi, nimesema. Nimechelewa lakini nimesema, na wamesikia. Otesha kimea.

Ni mimi mdogo wako, Filipo, na mume wako, Agnesi, na mwanao, mama,
Yosefu

Mwalimu, ukimaliza kusoma usimpe kaka karatasi hii. Mpe mke wangu mkononi, watu wakiona.